Jembe Nililonyimwa Beni

Niliondoka kijijini kwetu Bulengera kwa sababu ya shamba. Kila mvua iliponyesha, udongo wa mteremko tulioachiwa na baba ulishuka bondeni, na mdogo wangu Kakule alikwisha kuamua dawa yake: mikaratusi mlima mzima, ili siku moja tupasue mbao. Nilikataa. Mikaratusi ingekunywa maji ya chemchemi iliyo chini, na maharagi yasingepata pa kuota. Mbele ya jamaa yote nilipewa nafasi moja tu: nikasomee mjini Beni kilimo cha permaculture, yaani kupanga shamba ili maji, udongo na miti visaidiane, kisha nirudi na cheti kamili. Nikikikosa, Kakule apande miti yake.

Njiani, penye kizuizi, askari mmoja alitazama kitambulisho changu, kisha nywele zangu.

“Papa, unaenda wapi?”

“Beni. Naenda kusoma.”

“Kusoma? Na mvi yote hii? Mwalimu atakuogopa!”

Nilimjulisha kwamba hakuna sheria ya nchi iliyoweka umri wa mwisho wa masomo. Alicheka, akashusha kamba. “Pita, mwanafunzi!”

Huko Beni, mkufunzi wetu alikuwa Mama Kavira, agronomu, yaani mtaalamu wa kilimo, asiyepoteza maneno. Alitufundisha kufunga miti mitatu kwa umbo la herufi A, kuning'iniza jiwe kwa kamba katikati, na kutembeza chombo hicho mlimani ili kupata mstari ulio sawa. Katika mstari huo huchimbwa mtaro, na maji, badala ya kukimbia na udongo, husimama na kuzama. Nasema bila haya kwamba katika darasa lile hakuna aliyepima vizuri kunishinda.

Lakini kila niliposhika jembe, vijana niliosoma nao walininyang'anya. Kwetu, kijana anayesimama huku mzee analima huwaaibisha wazazi wake. Masika, binti mcheshi kuliko wote, ndiye aliyeniletea kiti. “Hapana, Papa! Unataka batutukane? Ikala hapa, utuhesabie makosa.”

Masomo yalipokaribia kwisha, Mama Kavira aliniita kando. “Papa, wewe tutakupa cheti ya kuhuzuria. Ile kamili ni ya mutu mwenye alichimba.”

Maisha yangu yote ya utumishi wa serikali sikupokea karatasi ya kufarijiwa.

“Mama, mimi sikuketi. Niliketishwa.”

“Ninajua. Lakini mutaro yako iko wapi? Nionyeshe.”

“Nipe mahali.”

“Kesho asubui. Na hapana mutu atakusaidia.”

Asubuhi ile nilipima, nikavua koti, nikachimba. Mgongo uliuma, lakini vijana waliumia zaidi. Akina mama waliokuwa wakienda sokoni walisimama barabarani.

“Vijana bakubwa hivi, na muzee analima? Mulizaliwa na nani?”

Masika alijifunika uso kwa kitenge. “Papa, unatuua na haya!”

“Ni mtihani!” niliwapazia sauti wale mama. “Waacheni!”

Nilipomaliza, Mama Kavira alimwaga bidoni za maji juu ya mtaro. Maji yaliingia, yakaenea hadi ncha zote mbili, yakatulia. Alichuchumaa akayatazama kwa muda mrefu.

“Eh, Papa. Iko sawa kabisa.”

Nilipewa cheti kamili, na nilikipokea nikiwa nimevaa koti langu tena.

Nyumbani Bulengera, Kakule alikigeuza pande zote mbili. “Yaya,” aliniita, kama kwetu anavyoitwa kaka mkubwa, “karatasi hii itazuia udongo?”

Nilimpeleka mlimani pamoja na miti yangu mitatu, nikapima, tukachimba wote wawili, yeye akinung'unika tangu mwanzo hadi mwisho. Nimejifunza kwamba mlima haubishani na mtu: ukiupima vizuri unatii, ukiukisia unakuaibisha. Nimejifunza pia kwamba heshima yaweza kumnyima mzee kile alichokifuata, naye anapaswa kuikataa waziwazi.

Kisha mvua kubwa ilikuja. Ilipopungua tulipanda juu. Maji yalikuwa yamesimama mtaroni kutoka mwisho hadi mwisho, mekundu kwa udongo ambao haukushuka tena bondeni. Kakule alitumbukiza mguu, akautoa, akatazama sehemu ya chini ya mlima aliotaka kuujaza mikaratusi.

“Yaya,” alisema, “mutaro ya pili tutaipitisha wapi?”