Tumbo Walilolipigia Vigelegele

Naikumbuka siku moja pale Sikonge, mwanangu, wanawake wa kwa wakwe zangu walipolipigia vigelegele tumbo langu. Mimi nimekaa mkekani, nimejifunga kanga mbili, nacheka nao, na pumzi haiingii. Utacheka ukisikia. Cheka tu, lakini kifo kilikuwa jirani, na wewe unayeanza sindano za uzazi habari hii inakuhusu.

Mimi na mume wangu Masanja tulikaa miaka bila mtoto, na midomo ya watu unaijua. Tukasafiri mbali kwa daktari wa uzazi. Mwezi wa kawaida mwanamke hukomaza yai moja. Sindano zile hukomaza mengi kwa pamoja, wayatoe, wayatungishe nje, kisha wakurudishie kiinitete. Yangu yakawa mengi kupita kiasi, na kiinitete wakanirudishia hivyo hivyo. Muuguzi akanionya, "Dada, tumbo likivimba haraka, mkojo ukapungua, pumzi ikakubana, usingoje. Nenda hospitali." Nikaitikia, tukapanda basi kurudi kwetu.

Hatukukaa sana, tumbo likaanza. Mama mkwe, mtu wa furaha na sauti kubwa, akaita majirani. "Hili si la mmoja! Hapa wamo Kulwa na Doto!" Jamani, mimba yenyewe hata kupimwa bado! Nikitapika, wanasema ndiyo dalili. Nikienda chooni, mkojo ni kidogo na mweusi kama chai ya rangi. Nilijua, mwanangu. Maneno ya muuguzi nilikuwa nayo kichwani. Lakini mtu umeitwa tasa miaka yote, leo unaitwa mama Kulwa, utaanzia wapi kusema? Nilikosa moyo wa kuwanyang'anya furaha ile. Na yangu pia, nisikudanganye.

Kwetu mke wa mtoto hamwamkii baba mkwe amesimama. Anapiga magoti, macho chini, na mkwe hamgusi kabisa. Baba mkwe wangu alikuwa mrina asali, mtu wa maneno machache. Asubuhi ile alirudi kutoka porini, nikapiga magoti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Nikataka kuinuka, wapi! Nikabaki pale chini nahema mdomo wazi. Mzee akanitazama. Akaweka ndoo yake chini, akanishika mikono yote miwili, akaninyanyua mwenyewe.

"Baba Masanja!" mama mkwe akapiga kelele. "Mkweo huyo!"

"Mkwe akiwa maiti nitamheshimu vipi?" akajibu. "Mimba gani inakua kwa siku mbili tatu? Mnashangilia ugonjwa ninyi." Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe binti, mwenye tumbo ni wewe. Mbona umenyamaza? Hujui mficha uchi hazai?"

Nikalia. Nikayasema yote mbele yake, ya mayai na ya mkojo, aibu ikanitoka. Akamwomba jirani gari, wakashusha madumu ya asali yaliyokwisha kupakiwa, nikalazwa nyuma mpaka Tabora mjini. Kule daktari akaeleza kwamba vifuko vya mayai vilichochewa kupita kiasi, vikavimba, na maji ya damu yakawa yanavujia tumboni. Damu inayobaki huwa nzito, ikiganda pabaya ndiyo basi tena. Wakanitoa maji, wakaniwekea dripu. Mimba haikushika. Mama mkwe alikaa pembeni ya kitanda, akanishika mguu. "Mjukuu nilimtamani," alisema. "Lakini wewe ndiye ninayekujua." Mpaka leo nikilikumbuka neno hilo nalia.

Tangu hapo kila daktari ninayekutana naye namhoji. Watoto wa ndugu zangu wananitania eti mimi mwandishi wa habari. Madaktari wananiambia utafiti umegeuka. Zamani swali kubwa lilikuwa mayai yatapatikana mangapi. Siku hizi wanatafuta jinsi ya kumtambua mapema mwanamke ambaye mwili wake huitikia dawa kwa nguvu, wampunguzie dozi, au wabadilishe ile sindano ya mwisho ya kukomaza mayai. Viinitete wanaweza kuvigandisha, wavirudishe mwili ukishatulia. Hatari imepungua sana, ila haijaisha. Kwa hiyo daktari akikuambia usubiri, usimnunie. Kawia ufike.

Basi mwanangu, kabla ya sindano ya kwanza muulize daktari: hatari yangu mimi ni kubwa kiasi gani, na nikizidiwa nimpigie nani? Nyumbani chagua mtu mmoja umwambie dalili zote, asiyeogopa kukuuliza habari za mkojo. Tumbo likivimba ghafla, ukitapika bila kukoma, mkojo ukipungua, pumzi ikikubana, usisubiri kukuche, na usilinde furaha ya mtu yeyote, hata yangu. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Mungu akutangulie, mwanangu, aibariki mikono itakayokuhudumia, na akupe ulimi wa kusema unapoumwa. Ukirudi na mtoto, nitambeba mpaka mgongo uniume. Ukirudi mikono mitupu, njoo hivyo hivyo. Tunayemsubiri ni wewe.