Mshambuliaji wa Laela na Sinia za Izia

Mimi ni mtu wa kuulizauliza. Marehemu mama alikuwa akisema kwamba siku ya kuzikwa nitamuuliza mchimba kaburi kwa nini amechimba kuelekea huku na si kule. Kwa hiyo asishangae mtu kwamba mimi, ambaye nilikuwa sijui hata kwa nini mpira ukitoka nje mara unarushwa kwa mikono na mara unapigwa kwa mguu, niliishia kuijua safu ya ushambuliaji ya timu ya mtaa wetu wa Izia kuliko ninavyoijua sala ya malaika wa Bwana. Niliijulia jikoni.

Mgahawa wangu unatazamana na uwanja, na uwanja umepakana na mashamba, kiasi kwamba baada ya mavuno mpira ukipotea watu wanautafuta kwenye mabua. Kamati ya timu hukutania kwangu. Hawakunichagua kwa sababu ya chai yangu, wasinidanganye. Walinichagua kwa sababu ya moto. Juni ya Sumbawanga haina mzaha. Mtu mzima anavaa sweta mbili na bado anaongea huku meno yanagongana. Basi wao wanakaa karibu na jiko wakibishana, mimi nageuza maandazi na masikio yangu yako kwao.

Msimu huo tatizo lilikuwa moja: hatufungi. Nyuma tulikuwa wazuri, golikipa wetu alikuwa anaruka kama amechomwa na kaa la moto, lakini mbele palikuwa pamelala. Mechi inaisha bila bila, au tunafungwa kimoja tunarudi nyumbani. Watu wa mikoa mingine walitucheka kwa ile hadithi yao ya siku zote ya uchawi: timu ya Sumbawanga inakosa magoli, kwani dawa zimeisha? Ilikuwa imebaki mechi moja, na tusiposhinda tunashuka daraja.

Na aliyekuwa analaumiwa kwa ukame huo ni mdogo wangu.

Mdogo wangu, anayenifuata kuzaliwa, alikuwa amevaa jezi namba tisa miaka mingi mpaka watoto wa mtaa wakadhani Tisa ndilo jina lake. Kazi yake ni ujenzi, anajenga nyumba za watu, na anaishi chumba cha uani kwangu. Mpira wake ulikuwa kama ulaji wake. Sisi tumekulia kwenye sinia moja, watoto wengi na ugali mmoja, na pale ukizubaa unalala njaa. Yeye hakuwahi kuzubaa. Alikuwa anameza kabla sisi hatujapoza tonge, na ukoko wa sufuria ulikuwa wake, ole wako uuguse. Uwanjani hivyo hivyo: mpira ukifika karibu na goli hakumpa mtu. Miaka ya nyuma watu walimpenda kwa uchoyo huo. Mwaka huo wakaanza kuuona kuwa ni uchoyo.

Mimi nilikuwa naona na jambo jingine. Jioni alikuwa anakuja kupasha chumvi kwenye kitambaa, anajikanda magoti, halafu anakirudisha kitambaa mahali pake kama mtu aliyeazima. Nilimuuliza mara nyingi. Alinijibu kwamba ni baridi tu.

Sasa, timu yetu ina timu ndogo. Familia nyingi za Izia zina mashamba Laela, huko kwenye barabara ya Tunduma, na vijana waliokwenda kulima walianzisha timu yao wakivaa jezi zetu zilizochakaa. Akitokea anayeng'ara kule, anapandishwa kuja kwetu. Habari zikafika kwamba kuna kijana mrefu, kila krosi ni ya kichwa chake. Hapo ndipo ubishi ulipowaka.

Mwenyekiti wa timu, ambaye kazi yake ni kununua mahindi na anapima kila kitu kama mahindi, alisema amemwona kwa macho yake.

"Kijana amekauka vizuri," alisema. "Ukimng'ata unasikia kabisa. Mleteni."

Kocha wetu ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mtu wa taratibu. Alikoroga chai mpaka nikataka kumwambia sukari imeshayeyuka zamani.

"Magoli ya Laela ni mepesi, mwenyekiti. Mabeki wa kule wanatoka shambani moja kwa moja. Mtu kashinda na jembe, atamkaba nani?"

"Na huyo anayewafunga anatoka wapi, mwalimu? Si shamba hilo hilo?"

Nilicheka nikaunguza andazi. Golikipa akaingilia, akasema hata wakimleta mtu wa Ulaya ni kazi bure kwa sababu mpira haufiki mbele. "Mnamlaumu mpishi," alisema, "unga mmempa?" Lakini hilo halikumfurahisha mtu, maana lilikuwa linawagusa wengi.

Niliyemsikiliza zaidi ni mwalimu, kwa sababu hofu yake ilikuwa ya kweli. Alisema kijana ukimpandisha kabla hajaiva, akazomewa siku moja mbele ya watu wasiomjua, anaweza kuacha mpira moja kwa moja. Akaonyesha kwa kidevu kwenye kona alikokaa mdogo wangu.

"Mnakumbuka huyu siku yake ya kwanza?"

Wote wakacheka. Nani asiyekumbuka! Na yeye alianzia Laela. Siku aliyopandishwa, kipindi cha kwanza hakijafika katikati, alichuchumaa kando ya goli akatapika mbele ya Izia nzima. Walimwita Mwoga msimu mzima, mpaka alipofunga goli lililowafanya wasahau jina hilo. Mimi mwenyewe niliona haya siku ile. Nilimuuliza ni nini kilimtisha vile. Hakunijibu, na kutonijibu mimi ni adhabu.

Sasa alikuwa amekaa pale kwenye kona, kikombe mkononi, anasikiliza watu wakimjadili kama ng'ombe mnadani. Mwenyekiti, ambaye si mtu mbaya, akaona aibu kidogo.

"Na wewe unasemaje, bwana?"

"Mleteni," alisema mdogo wangu. "Atalala kwetu."

Mkutano ukaisha hapo. Mimi ndiyo kwanza nikaanza kuuliza moyoni. Mtu hagawi sahani yake kirahisi hivyo, hasa yule mtu, ninayemjua tangu anatambaa. Usiku ule nilijaribu kumdodosa kwa njia zangu zote. Akaniambia nisikaushe ugali wa kesho kwa maneno.

Kijana alifika kwa basi Jumamosi jioni. Alikuwa mrefu kweli, ameinama kidogo mlangoni kwa mazoea ya kugonga kichwa, na ana adabu za kijijini zinazokufanya utake kumlea. "Shikamoo mama," akasema, akanikabidhi mfuko wa maharage mapya kutoka kwa mama yake. Alipokuwa hajaulizwa hakusema kitu. Alipoulizwa alijibu akitazama vidole vya miguu.

Jumapili, siku ya mechi, baada ya misa ndipo makosa yetu yalipoanza. Nayaita makosa yetu kwa sababu sidhani kama kuna watu wengine chini ya jua ambao wangeyafanya. Huku kwetu mgeni hapiti mlango wako bila kula. Akikataa amekutukana, na wewe ukimwacha apite umejitukana mwenyewe. Mtaa mzima ulikuwa umesikia kwamba mkombozi amefika, na kila nyumba ikataka kusema kwamba alifunga kwa nguvu za ugali wake. Mgeni njoo, mwenyeji apone; basi sisi tulikuwa wagonjwa wengi, mgeni mmoja.

Na mgeni hali peke yake. Mwenyeji wake lazima akae naye kwenye sinia. Mwenyeji wake alikuwa mdogo wangu.

Walianza kwangu, ugali wa ulezi na yale maharage. Wakaenda kwa mwenyekiti, ambako mkewe alikuwa amechinja kuku. Kwa mwalimu wakapewa migebuka, samaki wa Tanganyika, ya nazi. Kwa jirani yangu wa ng'ambo wakapewa kuku tena, na togwa ya kushushia. Nilikuwa nafuata nyuma nikijifanya naazima chungio, naazima kinu, mradi nichungulie. Kila nyumba mambo yalikuwa yale yale. Mlango unafungwa nusu, sinia inaingia imejaa, sinia inatoka nyeupe, na mama mwenye nyumba anatoka akiipeperusha kanga kwa furaha. Mdogo wangu anatoka nyuma ya kijana, mkono begani pake, akimwelekeza mlango unaofuata.

Jirani alinikonyeza. "Mdogo wako mjanja, shoga. Anamshindilia mtoto wa watu ili ashindwe kukimbia uwanjani."

Nilimwambia afunge mdomo. Lakini sikukasirika kwa sababu amesema uongo. Nilikasirika kwa sababu amesema nilichokuwa nakiwaza. Niliona sasa kwa nini alisema mleteni, kwa nini alisema atalala kwetu. Nikamwonea kijana huruma, na nikamwogopea mdogo wangu, maana uwanjani unaweza kusamehewa kukosa goli, lakini kumvizia mgeni kwenye sahani hakuna anayekusamehe. Nilitaka niende nimvute sikio. Sikwenda, kwa sababu nilitaka pia kuona itaishaje. Nimesema mimi ni mtu wa namna gani.

Alasiri hiyo uwanja ulijaa. Upepo ulikuwa unatoka upande wa mashamba ukitumwagia vumbi la mabua machoni. Mwalimu alimwanzisha kijana, mdogo wangu akakaa benchi na sweta yake, uso umempauka, jasho linamtoka kwenye baridi ile. Nikasema moyoni, dhamira imeanza kumsuta.

Nilisubiri kijana adondoke. Kila alipokimbia nilishika tumbo langu mimi. Lakini hakudondoka. Alikimbia, akarudi, akakimbia tena, akaruka na mabeki wawili wa watu akatua na mpira. Alikosa nafasi ambayo hata mimi ningefunga, watu wakaanza kuguna, na nikamwona mdogo wangu anasimama kwenye benchi, mkono mmoja tumboni, anapaza sauti: "Poa, mshikaji! Hiyo imepita! Endelea!" Watu wakanyamaza. Kama Tisa mwenyewe hajaguna, nani aanze?

Mwisho mwisho mwalimu aligeuka benchi akamwambia mdogo wangu avue sweta aingie, wawe wawili mbele. Akatikisa kichwa. Mwalimu akarudia kwa sauti ya darasani. Akatikisa kichwa tena, akainama. Hapo nusu ya uwanja ikamzomea, wengine wakamwita jina lile la zamani, Mwoga, na mimi nilitamani ardhi inimeze.

Goli likaja si kwa kichwa, likaja kwa goti. Krosi mbaya, mpira ukamgonga kijana ukaingia wenyewe. Goli la ovyo kabisa, na sijawahi kuona zuri kama lile. Tulibaki kwenye daraja letu.

Jioni, nyumba ilipotulia, kijana alisimama mlangoni mwa jiko langu. Akatazama vidole vyake.

"Mama, samahani. Kuna chochote cha kula?"

Nilidhani ananitania. "Wewe? Baada ya kuku wale wote?"

"Sijala, mama. Tonge moja moja tu. Kaka alinikataza." Akatabasamu kwa haya. "Kila nyumba alikuwa anakaa upande wangu wa sinia. Nikinyoosha mkono mara ya pili ananifinya goti. Alisema niachie yeye, yeye ndiye anayejua kula. Wale akina mama wasijisikie vibaya, na mimi nisiwe mzito."

Nilikwenda uani. Mdogo wangu alikuwa amelala kwenye mkeka kwa ubavu, magoti yamekunjwa, kitambaa cha chumvi hakijaguswa. Nilimwita. Nilimuuliza swali moja tu, jambo ambalo kwangu ni rekodi. Nilimuuliza ile siku ya kwanza, miaka ile, alitishwa na nini.

"Dada, haikuwa woga," alisema bila kufumbua macho. "Nililishwa nyumba hizi hizi. Ningemwambia nani? Ningesema chakula chao kimenitapisha?"

Msimu ule mzima alikubali kuitwa mwoga ili mama wa watu wasione haya kwa kuku wao. Na leo amekubali tena. Nilisimama pale nikalia kidogo, na sioni sababu ya kuficha.

Nikarudi jikoni nikasonga ugali, nikamwandalia kijana uani kwenye mkeka, ili mgeni asile peke yake. Ukoko niliubandua mzima, nikauweka upande wa mdogo wangu kama ilivyokuwa tangu utoto. Alijiinua kwa kiwiko akautazama. Kisha kwa kidole akausukuma, taratibu, mpaka ukafika mbele ya kijana.

"Kula, Tisa," alimwambia.