Sauti ya Baba Kwenye Kaseti
Jana kwa fundi simu hapa Mbinga nilisikia harufu ya betri zilizovuja, nikamkumbuka bibi akiwa amekaa mkekani uani, kahawa ikikauka pembeni yake.

Baba alikuwa ameenda kufanya kazi mbali, na safari hiyo alitutumia kaseti. Mama aliitia kwenye redio, na sauti ya baba ikatoka: “Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu,” bibi akajibu, ameinamia spika. “Unarudi lini?”

Baba akaendelea kueleza habari za mvua za huko. Bibi akauliza tena kwa Kimatengo, kwa sauti ya juu zaidi. Kisha betri zikaanza kuisha. Maneno ya baba yakawa mazito, yakajivuta kama ya mtu aliyezidiwa.

“Mwanangu anaumwa!” bibi akalia.

“Ni betri tu, mama,” mama yangu akamwambia, amemshika mikono.

Hakukubali. Alilia mpaka redio ikazimika.

Tulianika betri juani, tukaisikiliza kaseti ile tena na tena. Nyingine haikuja, wala baba hakurudi. Bibi alikufa akiamini kwamba siku ile alimsikia mwanawe akikata roho, nasi hatukuwa na habari yoyote ya kumbishia.