Bomba la Nguo Chafu Liliponiuliza Mbona Siombi

Msinicheke, lakini kuna siku bomba la nguo chafu lilinisemesha.

Lilisema, "Leo mbona huombi?"

Nilishtuka nusura nianguke. Nywele zilinisimama mpaka kitambaa kikapanda kichwani.

Ngoja niwaeleze vizuri, msije mkasema nimeanza kuvuta vitu.

Mimi ni mfuaji hotelini. Chumba chetu kiko chini kabisa ya jengo, hakina dirisha, mashine zinanguruma kutwa. Ukutani kuna bomba pana la bati linalopanda mpaka ghorofa ya juu, na kila ghorofa lina kimlango. Wasafisha vyumba wanatupia mashuka humo, na mimi huku chini yananiangukia kwenye toroli.

Sasa, mume wangu ni fundi rangi. Alianguka kutoka kwenye ngazi, mguu ukavunjika. Ukaungwa, ukapona. Daktari mwenyewe alituambia, "Mfupa uko sawa. Lakini asipoanza kuukanyagia sasa hivi, goti litakakamaa, na likishakakamaa ndiyo basi tena."

Mwanamume akagoma.

Siyo kwamba alishindwa. Aligoma. Akageukia ukuta, hasemi, hatanii, hata mpira redioni hataki kuusikia. Nikabembeleza, nikanuna, nikalia. Wapi! Mwisho na mimi nikanyamaza. Naingia, naweka sahani, natoka.

Wifi yangu kila akipiga simu ni wimbo uleule. "Wifi, we omba tu."

Omba tu! Utadhani naambiwa nioshe kikombe.

Nilikuwa naomba, jamani. Ila nyumbani sikuthubutu, sikutaka mume wangu asikie kilio changu. Nilikuwa naombea kazini, wenzangu wakienda kula. Najiinamia pale kwenye toroli, kichwa karibu na mdomo wa bomba, napaza sauti kushinda mashine.

Na hayakuwa maombi ya adabu.

"Mungu, unanisikia au nimekosea mlango? Nilikuomba mguu, ukauponya. Sasa mguu bila mwenyewe nitaufanyia nini? Mnyanyue mume wangu! Nimechoka! Na huyu Madam Pasi naye, mpandishe cheo, mpeleke mbali huko nisimwone tena. Amina."

Madam Pasi ni msimamizi wetu. Tulimpa jina hilo kwa sababu akishakupitia, hubaki na kunyanzi hata moja. Shuka likiwa na doa dogo tu, analibeba mwenyewe mpaka chini aje kukuonyesha mbele za watu.

Basi siku hiyo nilikuwa nimekata tamaa kabisa. Asubuhi nilimkuta mume wangu ameitupa uvunguni fimbo ya kutembelea aliyopewa hospitali. Nikasema sasa inatosha, siombi tena. Wenzangu wakaenda kula. Mimi hata mashine sikuziwasha. Nilikaa juu ya rundo la taulo, nimemnunia Mungu waziwazi.

Ndipo bomba likauliza.

"Wewe nani?" nikaita.

Kimlango huko juu kikafungwa, pa! Nikasikia viatu vinashuka ngazi. Ko! Ko! Ko! Viatu vile kila mfuaji anavijua.

Mlango ukafunguka. Madam Pasi.

Nikajua kazi sina.

"Nakuuliza, mbona huombi?"

"Madam... kumbe unanisikia?"

"Bomba lote linakusikia. Wale wa vyumba walishazoea, wanajua ni saa yako. Mimi huwa nasimama hapo ghorofa ya kwanza naitikia amina." Akakohoa. "Isipokuwa ile ya kunihamisha. Ile sikuitikia."

Nilitamani mashine ya kukaushia inimeze.

Akaketi. Juu ya taulo chafu, yeye! Akaniambia binti yake aliondoka nyumbani kwa hasira, na hapokei simu zake. Kila akitaka kumwombea, maneno yanamkwama kooni.

"Nikakusikia unamfokea Mungu," akasema. "Nikasema kumbe inaruhusiwa. Nikawa naazima yako."

Nikamsogezea taulo safi akalie.

"Na mumeo huwa anasemaje ukimwombea?"

"Hajui. Nyumbani siombi. Sitaki anisikie."

Alinitazama kwa jicho lake lile la kukagulia mashuka.

"Kwa hiyo ghorofa zote tunajua unavyomlilia huyo mwanamume, halafu yeye peke yake ndiye hajui?"

Nilikasirika. Nilikasirika sana, kwa sababu alikuwa amesema kweli, na aliyeisema ni yeye.

Jioni nikaingia chumbani. Mume wangu yuko vilevile, uso ukutani. Safari hii sikuweka sahani. Nilisimama nayo mkononi, nikaanza na hasira zangu zote.

"Mungu, ni mimi, yuleyule wa kwenye bomba. Huyu mwanamume hapa namtaka. Namtaka hata akichechemea, namtaka hata akiniudhi. Nimechoka kula peke yangu. Mnyanyue, na kama bado, nipe nguvu nimkalie hapahapa mpaka achoke yeye. Na binti wa Madam Pasi apokee simu. Amina."

Chakula kinapoa.

"Madam Pasi ndiye nani?"

Sauti yake ilikuwa inakwaruza kwa kukaa siku nyingi bila kutumika.

"Bosi wangu," nikajibu.

Bado ameangalia ukuta, akasema, "Mimi nilijua umenichoka. Unaweka sahani, unatoka, husemi neno. Nikasema bora nijilalie tu, na wewe ukitaka kuondoka uondoke kwa amani."

Nililia, siwafichi. Nililia kwa kelele mpaka jirani akagonga ukuta.

"Nipe bega," akasema.

Akaweka mguu chini. Akapiga yowe, akatukana kidogo, akaushika ule ukuta aliokuwa anautazama kila siku, akasimama. Goti lilitetemeka, lakini lilikunjika.

Sasa hivi anachechemea mpaka dukani na kurudi. Binti wa Madam Pasi bado hajapokea simu, kwa hiyo saa ya kula tunainamia toroli wawili. Madam naye maneno yameanza kumtoka, na akifoka, anafoka kweli.

Ndugu yangu, ukivunjika moyo mwambie Mungu, hata kwa hasira, hatakufukuza. Lakini yule unayemlilia, mara mojamoja mwombee palepale alipo, kwa sauti. Mungu alikuwa ananisikia tangu mwanzo. Aliyekuwa hajanisikia ni mume wangu.