Nilivyokata Mawaridi Kisiki Kama Kahawa

Nichekeni tu, maana hapa Ihanda hata kuku wameshanicheka, na mkisikia nilichofanya siku moja kabla ya harusi ya binti yangu Neema mtaona walikuwa na haki.

Mke wangu ana bustani mbele ya nyumba, mawaridi matupu, ameyalea miaka kwa maji ya kuoshea vyombo, nami nilikuwa nayadharau kabisa (hayaliwi, hayauzwi, yana miiba, sasa ya nini?). Lakini hapo ndipo maharusi wangepigia picha wakitoka kanisani. Ijumaa mke wangu akaenda Tunduma kufuata vitenge vya sare, akaniagiza, "Baba Neema, punguza matawi yanayoziba njia. Kidogo tu!" Mtu nimepogoa kahawa tangu sijaota ndevu, leo nifundishwe kupunguza matawi? Nikachukua msumeno, na kwa kuwa sisi mti wa kahawa uliochoka huukata ukabaki kisiki ili uchipue upya, basi na mawaridi nikayafanyia hivyo hivyo, shina baada ya shina, bustani nzima, kisha kila kisiki nikakirundikia samadi mbichi, nikasimama pembeni najisifu.

Neema akatoka nje. "Baba, kesho nasimama wapi?" akaniuliza, akaanza kulia.

Hapo mwenye akili angekiri. Mimi nikamwambia anyamaze, mama yake asijue, nikaokota matawi yote yenye maua, nikayachomeka kwenye samadi kama napanda mihogo. Mke wangu aliporudi jioni akatazama kwa mbali, akasema, "Leo umenisikiliza." Nikajibu, "Si ulisema kidogo?" (Aibu sina, mnaona.)

Kesho yake jua halikunionea huruma. Maharusi wanafika na matarumbeta, maua yamelala, nzi wamejaa, na shangazi wa bwana harusi, mama wa Tunduma anayefanya biashara upande wa Zambia na anayejiona kuliko bibi harusi, akashika waridi alinuse mbele ya kamera. Likang'oka na tawi lake lote, samadi ikadondokea viatu vyake vyeupe.

"Mayo! Mama yangu!" akapiga kelele. "Huku mnapanda maua bila mizizi?"

Watu walicheka mpaka wa tarumbeta akashindwa kupuliza. Mke wangu hakucheka. Aling'oa tawi la pili, la tatu, akanitazama, akasema taratibu, "Na wewe unajiita mkulima." Nilitamani ardhi inimeze pamoja na msumeno wangu.

Ikabidi msafara mzima uondoke kwenda Nanyala, kwenye kituo cha mafuta cha barabara kuu chenye kibustani, wakapiga picha huko huku malori yakipiga honi. Mawaridi yalichipua mvua iliponyesha, mazuri kuliko mwanzo, wala hakuna aliyenishukuru, nami nimeapa sitagusa ua la mtu hata kwa ukucha. Picha ya harusi mke wangu ameitundika sebuleni, mkabala na kiti ninacholia chakula: Neema anatabasamu kwa macho mekundu, na juu ya kichwa chake pameandikwa bei ya dizeli.