Kuku Niliyeahidi Kumchagua Mwenyewe

Jamani, bado naona haya. Mama mkwe alipofika kwangu Kariobangi kutoka Kakamega, nilimwahidi kuku wa kienyeji nitakayemchagua mwenyewe sokoni. Ukweli ni kwamba ununuzi wote huwa namwachia msaidizi wa AI kwenye simu. Nikajifungia chooni, nikamnong'onezea aagize, na wasiwasi wangu wote nikamweleza.

Kisha nikashuka getini na kikapu kama anayeenda sokoni, nikawa nikienda na kurudi, nikichungulia barabara nimwone mwenye boda wa kuleta kuku. Kumbe alipitia geti la nyuma! Nilipochoka kungoja nikapanda ngazi, nikamkuta mlangoni akimsomea mama mkwe maagizo kama msaidizi alivyoyaandika, na siri yangu ndani:

"Kuku mmoja, awe amechinjwa. Mama mkwe asijue, ana mdomo sana."

Akauliza, "Sasa mathe, mama mkwe ni nani hapa?"

"Ni mimi," akajibu, akinitazama.