Sifuri Nukta Sita na Sifuri Nukta Sita

Saida Hussen hakusomea kompyuta popote. Aliishia kidato cha nne, akaolewa, akaachika, akarudi kwao Kilwa Masoko na kufungua steshenari ya mlango mmoja: fotokopi, picha za pasipoti, barua za kuomba kazi. Siku ambazo wateja walikuwa haba alijifunza kuandika programu, kwanza kwenye simu, kisha kwenye laptopu ya mtumba aliyoifuata Lindi. Alikosea, akarudia, akakosea tena. Baada ya miaka miwili alikuwa ameandika programu ya kupanga zamu za wauguzi wa zahanati moja, na ilifanya kazi. Watu wakaanza kumwita Fundi, jina ambalo mwanamke hupewa kwa nadra asipokuwa na cherehani.

Ndiyo maana Sheikh Majid, msimamizi wa mashindano ya madrasa ya kuhifadhi Kurani, alimwendea dukani. Kila mwaka majaji walijumlisha kwa kalamu, na kila mwaka watu walirudi makwao wakinung'unika kwamba mtoto wa fulani kabebwa.

"Binti yangu," alimwambia, "nataka kitu kisichojua huyu mtoto wa nani."

"Kompyuta haina shemeji, Sheikh," Saida alijibu.

Mzee alicheka mpaka akafuta macho, akaenda kulirudia neno lile msikitini, na haukupita mwezi mji mzima ukawa unalisema.

Kanuni zilikuwa nyepesi. Kila mtoto alisoma mara tatu. Kila kosa lilimpunguzia kidogo: 0.1 kwa kosa dogo, zaidi kwa kubwa. Aliyepoteza kidogo kuliko wenzake ndiye wa kwanza, na wawili wakilingana juu kabisa, wanasoma tena. Saida aliiandika kanuni hiyo ya mwisho kwa mkono wake: jumla hii ikiwa sawa na ile, programu iseme wamelingana. Miaka miwili ikapita bila mtu kuguna.

Mwaka wa tatu walibaki wasichana wawili juu, na nafasi ya kwenda mashindano makubwa ya Dar es Salaam ilikuwa moja. Mmoja ni Kudra, wa miaka kumi na mitatu, aliyeshuka kutoka Kipatimu na mwalimu wake, Ustadhi Bakary, kwa barabara iliyowaacha na vumbi mpaka kwenye kope. Mwingine ni Sauda, binti wa Twalib, na Twalib ni kaka yake Saida, baba mmoja mama mmoja.

Saida aliingiza alama mbele ya majaji wote, akabonyeza, karatasi ikatoka. Wa kwanza Sauda. Wa pili Kudra. Wakaibandika ukutani, Twalib akamkumbatia bintiye, akina mama wakapiga vigelegele.

Kudra alisogea mpaka pua ikakaribia kugusa karatasi. Akarudi kwa Saida, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu."

"Naomba kuuliza. Mimi nimeandikiwa 0.6. Sauda naye ni 0.6. Mbona mimi ni wa pili?"

Saida alitabasamu, akainuka kwenda kumwonyesha mtoto alipokosea kusoma. Tabasamu likamfia mdomoni. 0.6. Na chini yake, 0.6.

"Haiwezekani," alisema. "Mngelingana ingesema. Nimeiandika hivyo mimi mwenyewe."

Ustadhi Bakary alikuwa amekwisha kutoa peni mfukoni. Akajumlisha juu ya kiganja chake. Kudra kapoteza 0.1, halafu 0.2, halafu 0.3. Sauda kapoteza 0.3, halafu 0.2, halafu 0.1. Akaunyanyua mkono ule watu wauone.

"Vitu vilevile," alisema, "ila huyu kaanza na kikubwa na huyu kaanza na kidogo."

Kisha sauti ya mwanamke, nyuma kabisa ya ukumbi, ikasema bila haraka: "Shemeji haina. Shangazi inaye."

Watu wakacheka, na kicheko kile kilimwingia Saida kama maji ya moto masikioni. Alichoweza kusema ni kile alichokiamini: kwamba mashine huhesabu kwa makini kuliko mtu, kwamba lazima kuna tofauti ambayo karatasi haikuionyesha. Sheikh Majid, aliyeapa mbele ya mji mzima kwamba chombo hiki hakipendelei, akashika neno hilohilo. Matokeo yatabaki. Ustadhi Bakary hakubishana. Alimshika Kudra bega, wakatoka.

Saida alirudi dukani, akafunga mlango mchana kweupe. Hakutaka kutafuta kosa. Alitaka ushahidi wa kumwonyesha yule mwanamke. Akaiuliza mashine swali ambalo hata mtoto wa chekechea angelicheka: 0.1 na 0.2 na 0.3, je, ni sawa na 0.3 na 0.2 na 0.1?

Ikajibu: si kweli.

Akadhani kakosea kuandika. Akafuta, akaandika upya, polepole, tarakimu moja moja. Si kweli. Akaiamuru imwonyeshe jumla zote mbili nzimanzima, bila kuzikata. Ya Sauda ikatoka 0.6. Ya Kudra ikatoka 0.6000000000000001.

Saida alizihesabu sifuri za baada ya sita kwa ncha ya kidole kwenye kioo cha laptopu. Kumi na nne. Nyuma ya sifuri kumi na nne palikaa moja, kosa ambalo Kudra hakulifanya, wala jaji hakulisikia, na moja ile ndiyo iliyokuwa inamrudisha mtoto Kipatimu.

Alisoma saa nzima, akitumia bando lake lote, mpaka akaelewa. Sisi tukigawa moja kwa tatu tunaandika 0.333 mpaka karatasi iishe, na bado hatujaimaliza. Kompyuta huhesabu kwa mbilimbili, na kwake hata sehemu moja ya kumi haina mwisho. Huikata mahali, ikabaki na kitu kilicho jirani mno na 0.1 lakini si chenyewe. Ukijumlisha vipande hivyo, mabaki nayo hujumlika, na ukibadili mpangilio mabaki yanabadilika. Kila mwandishi wa programu mzoefu anajua kwamba namba za namna hiyo haziulizwi kama ni sawa kabisa. Huulizwa kama tofauti yake ni ndogo isiyo na maana. Saida hakuwa na mtu wa kumwambia.

Akampigia Ustadhi Bakary.

"Tuko Nangurukuru," Ustadhi alisema. "Gari ndiyo inajaza abiria."

"Msipande, Ustadhi. Nakuomba kwa Mwenyezi Mungu. Mtoto wako alikuwa sawa."

Sheikh Majid alipoonyeshwa kioo alikaa chini, juu ya boksi la karatasi. "Innalillahi," alisema. "Na mimi nimeapa." Kwa Twalib ndiko kulikokuwa kugumu. Pilau lilikuwa jikoni na majirani wamejaa uani.

"Nani alikutuma ukachunguze?" Twalib aliuliza, kwa sauti ya chini inayotisha kuliko makelele. "Umemwona mtoto wa damu yako anafurahi, ukaenda kumtafutia moja iliyojificha nyuma ya sifuri?"

"Kaka, sikwenda kuitafuta—"

"Basi iache huko ilikojificha."

Sauda mwenyewe ndiye aliyetoka chumbani, ameshafunga mtandio. "Baba," alisema, "nitasoma tena."

Wakasomea Nangurukuru, barazani mwa madrasa ya pale, baada ya alasiri, majaji watatu wamekaa mkekani na malori yakipita barabarani. Safari hii majaji walihesabu kwa vidole. Sauda alisoma vizuri, ila aya moja ilimponyoka, akarudia mara mbili. Kudra alisoma tangu mwanzo hadi mwisho bila kukosea herufi, na alipomaliza hakufurahi. Alimtazama Saida kama mtu anayetazama mlango ambao umewahi kumbana kidole.

Twalib hakumsemesha dada yake njia nzima ya kurudi. Hakumsemesha mpaka Iddi, na hata Iddi ilipofika alimpa mkono kama anavyompa mgeni.

Asubuhi iliyofuata siku ile ya Nangurukuru, Saida aliiandika programu upya. Nukta aliziondoa zote. Kosa dogo likawa 1, kubwa 2 au 3, namba nzima, kwa kuwa namba nzima kompyuta huihifadhi kama ilivyo. Kisha akafikiri jambo lililomfanya asimame ghafla, kiti kikaanguka. Miaka miwili iliyopita.

Alifungua mafaili ya mashindano ya miaka ile. Mwaka wa kwanza, safi. Mwaka wa pili, kundi la watoto wadogo, nafasi ya kwanza na ya pili: jumla zilezile, mpangilio tofauti. Aliyewekwa wa pili aliitwa Hamisa, wa Mtanda, Lindi mjini. Alisoma jina hilo mara tatu, akakumbuka kwamba siku ile alimpigia makofi yule wa kwanza.

Namba ya simu ya mama ilikuwepo kwenye fomu. Saida alijitambulisha, akaeleza yote, akajikwaa, akaeleza tena. Upande wa pili wa simu walisikika kuku.

"Yule mtoto alilia siku tatu, akisema wamelingana," mama alisema mwishowe. "Nilimwambia aache kujitetea, mashine haikosei." Akapumua. "Nilimpiga, Fundi. Nilimpiga kwa kusema uongo."

Saida akakiinua kiti, akakaa.

"Yuko shuleni," mama alisema. "Akirudi nikupigie, umwambie wewe mwenyewe?"

"Nipigie," Saida alisema. "Nitamwambia."